Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Michigan: Vyama Viwili na Mgombea Ajiitaye Mtu wa Nje



Tumepokea barua ndefu kutoka kwa mmoja katika vijana wa mji wetu, aliyehamia Marekani zamani, akapata uraia wa huko, na sasa akaa katika jimbo la Michigan pamoja na mkewe, ambaye asili yake ni Msomali. Barua hiyo tuliisoma darasani baada ya sala ya Isha. Maneno yaliyozuka juu yake yalikuwa mengi, na baadhi ya watu waliondoka hali wamenuna. Kwa hivyo tumeona yafaa jawabu lake tuliandike hapa, ili kila mtu alisome kwa utulivu nyumbani kwake.

Khulasa ya barua ni hii. Ndugu yetu, tangu apate haki ya kupiga kura, alikuwa akikipa kura yake chama cha Democratic, kama walivyofanya Waislamu wengi wa jimbo lile. Vita vya Gaza vilipoanza mwezi wa Oktoba 2023, na serikali ya Rais Joe Biden ikaendelea kuipa Israel silaha, moyo wake ulikatika. Februari 2024, katika kura ya mchujo ya chama kile, yeye na wenziwe zaidi ya 100,000 katika Michigan waliweka alama mahali pasemapo kwamba mpiga kura hana mgombea aliyemkubali, ili kukionya chama chao. Hawakusikizwa. Ilipofika Novemba, alimpa kura yake Donald Trump, kwa kuwa aliahidi kumaliza vita, na kwa kuwa alisema yeye si mtu wa siasa za Washington. Mkewe alikataa wote wawili, akampigia Jill Stein wa chama cha Kijani. Tarehe 4 Juni 2025, Trump alitia sahihi amri ya kuwazuia watu wa nchi 12 wasiingie Marekani, na Somalia ni mojawapo. Ndugu wa mkewe, mwenye pasi ya Kisomali, aliyekuwa akingoja viza kwa miaka, akafungiwa njia. Ndugu yetu amemaliza barua yake kwa maswali mawili: Je, nimepata dhambi kwa kura ile? Na baina yangu na mke wangu, ni nani aliyepatia?

Kabla ya kumjibu, yatupasa tueleze mambo ya nchi ile yalivyo. Kwani tuliyoyasikia darasani yalituonyesha kwamba wengi wetu twafuata uchaguzi wa Marekani kama tufuatavyo mpira, tukijua majina ya wachezaji na tusijue sheria za mchezo.

Tangu mwaka 1853 hakuna mtu aliyeshika urais wa Marekani ila alikuwa wa Democratic au wa Republican. Chama cha Republican chenyewe kiliundwa mwaka 1854, wakati chama cha Whig kilipokuwa kikivunjika kwa fitina ya utumwa, na mwaka 1860 kilimweka madarakani Abraham Lincoln. Hiyo ndiyo mara ya mwisho chama kipya kuingia katika wale wawili, na baada yake nchi ilipigana wenyewe kwa wenyewe miaka minne. George Washington, rais wao wa kwanza, alipoaga mwaka 1796 aliwaonya sana wananchi wake juu ya moyo wa vyama. Walimsifu kwa maneno yake, na vyama wakaviendeleza.

Wala msidhani kwamba sheria imekataza chama cha tatu. Hapana sheria hiyo. Kinachokiua ni hesabu. Kila kiti cha Baraza la Wawakilishi, navyo ni 435, ni cha mtu mmoja, na katika majimbo mengi humwendea aliyetangulia tu. Wakiwa wapiga kura ni mia, wa kwanza akapata 40, wa pili 35 na wa tatu 25, basi wale 60 waliomkataa wa kwanza hutoka mikono mitupu. Uchaguzi ujao watu wa yule wa tatu huogopa, husema, "Tusije tukampa ushindi adui yetu," nao hukimbilia mmoja wa wale wakubwa wawili. Katika urais mambo ni magumu zaidi. Rais hachaguliwi moja kwa moja na watu, bali na wajumbe 538 wagawiwao majimbo, na ashindaye ni mwenye kupata 270. Katika majimbo 48 na mji mkuu, mwenye kura nyingi huchukua wajumbe wote hata akiwa amezidi kwa kura moja. Maine na Nebraska peke yake ndiyo yenye utaratibu mwengine. Sisi Kenya, kwa katiba ya 2010, mgombea wa urais asipopata nusu ya kura na zaidi hurudiwa uchaguzi baina ya wawili wa mbele, kwa hivyo mtu aweza kumpa kura yake ya kwanza ampendaye. Katika majimbo mengi ya kule hana nafasi hiyo.

Tazameni yaliyompata Ross Perot mwaka 1992. Alikuwa tajiri mkubwa wa Texas, hakuwahi kushika cheo cha kuchaguliwa, akatumia mali yake mwenyewe, akanunua saa za televisheni akawaeleza watu deni la serikali kwa michoro. Alijitoa katika mashindano mwezi wa Julai, akarudi Oktoba, na juu ya hayo alipata kura zaidi ya milioni 19, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Wajumbe aliopata ni sifuri. Mwaka 1996 aligombea tena, na tume ya midahalo, ambayo vyama viwili hivyo ndivyo vilivyoiunda mwaka 1987, ilimzuia asisimame mdahaloni na wagombea wao. Tangu mwaka 2000 tume hiyo iliweka sharti kwamba asiyefikia asilimia 15 katika kura za maoni hana kiti mdahaloni. Na mtu asiyeonekana mdahaloni atafikiaje asilimia 15? Huu ni mlango wenye kitasa ndani tu.

Basi mwenye kutaka kuingia hana budi apitie katika mmoja wa milango miwili, na kwa sababu watu wameichoka milango hiyo, hana budi vilevile aseme kwamba yeye hakutoka humo. Hapo ndipo alipozaliwa huyu aitwaye mtu wa nje. Jimmy Carter alikuja na maneno hayo mwaka 1976 akitokea Georgia, baada ya fedheha ya Watergate. Ronald Reagan alikuja nayo 1980. Bill Clinton akayaleta kutoka Arkansas 1992. Kila mmoja aliitukana Washington ili apate kukaa Washington. Hatusemi kwamba wote walikuwa waongo. Baadhi yao walitoka kweli katika miji midogo na nyumba za kimaskini. Twasema kwamba kutoka nje ni khabari ya mahali mtu alipoanzia, wala si ahadi ya mahali atakapofikia.

Na sisi hatuna ruhusa ya kuwacheka Wamarekani. Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda, serikali yetu ilitangaza tarehe 6 kuwa siku ya mapumziko nchi nzima. Watu walichinja, wakaimba, na hapa pwani walikuwapo waliosema kwamba mtoto wa Mkenya, mwenye jina la Hussein, hatawaacha Waislamu wadhulumiwe. Tuliyasema hayo nasi, tusijitakase. Tarehe 22 Januari 2009, siku mbili tu baada ya kushika kazi, alitia sahihi amri kwamba jela ya Guantanamo ifungwe katika mwaka mmoja. Bunge lilimzuia, naye hakuwa tayari kuvunja mengine kwa ajili ya hilo; alipoondoka Januari 2017, wafungwa 41 walikuwa bado wamo. Na ndege zisizo na rubani, zilizoanza kutumwa zama za George Bush, zilizidi mno kutumwa Pakistan na Yemen katika zama zake, na Somalia pia hazikuacha kupiga.

Katika wafungwa wale 41 alikuwamo Mkenya mmoja, aliyekamatwa hapa hapa Mombasa mwaka 2007 na kutolewa nchini bila ya kufikishwa mbele ya kadhi wala hakimu. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Hesabuni marais aliokaa chini yao: Bush, Obama, Trump na Biden. Wawili wa Republican, wawili wa Democratic; mmoja mtoto wa rais, mmoja mtoto wa mwanafunzi kutoka Nyanza, mmoja tajiri wa majumba, mmoja mzee aliyekaa Seneti miaka 36. Mwenye ukoo wa ndani na ajiitaye wa nje, wote wamo katika hesabu hiyo, na mlango wa mtu yule ulibaki umefungwa takriban miaka 18. Mwenye kutaka kujua tofauti ya vyama viwili, na aanze kwa kupima hapo.

Tusije tukafahamika vibaya. Hatusemi kwamba vyama vile ni kitu kimoja katika kila jambo. Amri ya kwanza ya kuwazuia watu wa nchi saba za Waislamu aliitoa Trump tarehe 27 Januari 2017, na Biden alizifuta amri zilizoirithi siku ya kwanza ya kazi yake, tarehe 20 Januari 2021. Kwa mtu aliyekuwa akimngoja mama yake uwanja wa ndege, hiyo si tofauti ndogo. Kijana mmoja darasani alisema, "Maalim, wote ni nyoka, mrefu na mfupi," na tukamjibu, "Mwanangu, hata daktari wa sumu huuliza kwanza ni nyoka gani." Dhulma zina daraja, na fiqhi yetu imejaa maneno ya kuchagua dhara iliyo nyepesi. Tunachokikataa ni kule kumtazama mtu, kwa kuwa hakuzoeleka tu, kana kwamba amekuja na ufunguo.

Trump mwenyewe alipoingia mara ya kwanza aliahidi kukausha kinamasi cha Washington. Katika kampeni ya 2016 aliitaja benki ya Goldman Sachs kwa ubaya, akiwalaumu wapinzani wake kwa kushirikiana nayo. Aliposhinda, hazina ya nchi alimkabidhi Steven Mnuchin, aliyefanya kazi miaka mingi katika benki ile ile, na mshauri wake mkuu wa uchumi akawa Gary Cohn, aliyekuwa rais wa benki hiyo. Mambo ya nchi za nje alimpa Rex Tillerson, mkuu wa kampuni ya mafuta ya ExxonMobil. Desemba 2017 kodi ya makampuni iliteremshwa kutoka asilimia 35 mpaka 21. Mfanyakazi wa kiwanda cha Michigan aliyemchagua kwa kuwachukia wenye mabenki, aliwaona wameingia kwa mlango wa mbele.

Na Robert Kennedy mdogo, mtoto wa ukoo mashuhuri kuliko koo zote za chama cha Democratic, mwaka 2023 alitoka katika chama hicho akasimama mgombea huru, akisema vyama vyote viwili vimeoza. Tarehe 23 Agosti 2024 alisimamisha kampeni yake akamuunga mkono Trump, na Februari 2025 akawa waziri wa afya. Waliomchangia ili awe njia ya tatu walijikuta njia ya pili.

Sasa turejee kwa ndugu yetu. Jambo linalotuumiza zaidi katika barua yake ni kwamba halikuwa jipya. Oktoba 2000, George Bush aliposhindana na Al Gore, alisema katika mdahalo kwamba Waarabu wa Marekani wanaonewa kwa ushahidi wa siri mahakamani. Kwa neno hilo moja, jumuiya kubwa za Waislamu wa kule zilikutana zikamuunga mkono. Yeye alikuwa gavana wa Texas, akijionyesha kuwa mtu wa shamba asiye na uchafu wa Washington, ijapokuwa baba yake alikuwa rais na babu yake seneta! Florida aliishinda kwa kura 537, na wako viongozi wa Waislamu waliojifakhiri kwamba ni wao waliompa. Oktoba 2001, baada ya mashambulio ya Septemba, alitia sahihi sheria iliyoipa serikali nguvu kubwa za kupeleleza watu. Kuanzia mwaka 2002 waume wageni kutoka nchi 25, takriban zote za Waislamu, waliamriwa wakajiandikishe na kupigwa alama za vidole. Machi 2003 akaivamia Iraq.

Wengi wetu twaijua hadithi ya muumini na tundu la nyoka. Wachache huikumbuka sababu yake kama walivyoisimulia wana wa sira. Abu Azza, mshairi wa Makka, alitekwa Badri. Alilia umaskini na mabinti zake, na Mtume (s.a.w.) akamwachilia bila ya fidia kwa ahadi kwamba hatapigana naye tena. Akarudi mwaka wa pili pamoja na makafiri wa Uhud, akatekwa tena, na akalia kilio kile kile. Hapo ndipo yaliposemwa maneno yale, na safari hii hakuachiliwa. Mafunzo yake si kwamba Mtume alikosa kumhurumia mara ya kwanza. Huruma ile ilikuwa njema, nayo ilifungwa na ahadi. Mafunzo ni kwamba ahadi iliyovunjwa huwa ni ujuzi, na ujuzi huo haufai kutupwa.

Waislamu wa Marekani waliumwa 2000. Mwaka 2024 mkono ulirudi tundu lile lile. Tarehe 1 Novemba 2024 Trump alifika Dearborn, mji wa Michigan wenye Waarabu wengi, naye ndiye mtu yule aliyetoa amri ya 2017, si mgeni aliyehitaji kuchunguzwa. Mji huo ulimpa takriban asilimia 42 ya kura, Kamala Harris akapata 36 na Stein 18. Katika mji jirani wa Hamtramck, meya wake Mwislamu, Amer Ghalib, alikuwa amemuunga mkono tangu Septemba. Machi 2025 alipendekezwa awe balozi wa Marekani nchini Kuwait. Hatumtuhumu nia yake, Mungu ndiye mjuzi wa nyoyo. Lakini ndugu zetu watafakari: kura zilikuwa za mji mzima, na kilichoonekana kulipwa kwazo ni cheo cha mtu mmoja. Ama Gaza, vita vilisimama tarehe 19 Januari 2025, siku moja kabla ya Trump kushika kazi, na watu wakashangilia. Tarehe 4 Februari akasema kwamba Marekani itaichukua Gaza na watu wake wahamishwe. Tarehe 18 Machi mabomu yakaanza tena, mpaka yaliposimamishwa kwa mapatano mengine Oktoba 2025.

Basi, je, amepata dhambi? Twamjibu: la, kwa ilimu yetu, maadamu nia yake ilikuwa kuzuia damu isimwagwe. Kura ni shahada. Mwenye kuitoa hushuhudia kwamba huyu, kwa anavyomjua, ndiye afaaye zaidi au mwenye shari ndogo zaidi. Mwenye kujitahidi kwa uaminifu akakosea hana lawama ya mwenye kukusudia. Lakini kura vilevile ni amana, na Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratun-Nisaa tuzifikishe amana kwa wenyewe. Mwenye amana hamkabidhi mtu kwa kuwa amechukizwa na jirani. Kukasirikiwa kwa Democratic kulikuwa haki, nasi tungalikasirika vilevile. Ila ghadhabu hutwambia ni nani wa kumwacha, haitwambii ni nani wa kumshika. Hapo ndipo ndugu yetu alipoteleza, na kuteleza si kuasi.

Na mkewe je? Wako waliosema darasani kwamba kura yake ilikuwa ya bure. Hatukubali. Yeye alitoa shahada aliyoiamini, na hakumpa mtu asiyemwamini nguvu juu ya nduguye. Lakini naye asidhani kwamba alifungua njia. Kwa hesabu tuliyoieleza, kura yake ilisema neno lisilosikika nje ya chumba. Ralph Nader, wa chama hicho hicho cha Kijani, alipata kura 97,488 katika Florida mwaka 2000, na matokeo yake watu wengi walizikumbuka kwa kumlaumu tu. Twamsihi ndugu yetu asimtese mkewe kwa jambo hili, wala yeye asimsimange mumewe kila khabari ya Somalia itajwapo. Nyumba moja haifai kugawanywa na wagombea watatu ambao hakuna hata mmoja wao ajuaye jina la mtaa wao.

Ametuambia mwishoni kwamba hatapiga kura tena maisha yake. Hapa twamkataza waziwazi. Sayyidna Abubakar (r.a.) alipopewa uongozi aliwaomba watu wamsaidie akienda sawa na wamnyoshe akipinda, hakuwaambia wakalale kwa kuwa wamempata mtu mwema, ijapokuwa hapakuwa na mwema kumshinda. Ikiwa Abubakar alihitaji kunyoshwa, je, Obama? Je, Trump? Ndugu yetu na wenziwe walifanya kazi miezi mingi kabla ya uchaguzi, na kesho yake wakarudi majumbani kungoja. Watu 100,000 waliojikusanya Februari 2024 walikuwa na nguvu iliyowatisha wakubwa wa chama, wala haikutoka kwa mgombea yeyote. Ilitoka katika misikiti, maduka na vibaraza vyao. Nguvu ile ingalitunzwa ingalikuwa na thamani mbele ya chama chochote kitakachotawala. Badala yake iligawanywa Novemba mafungu matatu, na kila fungu likawatukana mawili mengine.

Aanze alipo. Miji ile ina mabaraza, ina bodi za shule, ina mahakimu wachaguliwao, na humo Waislamu wameshinda pasipo na mtu wa ajabu: Hamtramck ilipata baraza la mji lote la Waislamu Januari 2022, na Dearborn iko chini ya meya Mwislamu tangu mwezi huo huo. Hakimu wa mji hawezi kuifuta amri ya viza, hilo twalijua. Lakini mjumbe wa Baraza la Wawakilishi atokaye wilaya yao huomba kura kila miaka miwili, na mtu wa kuomba kila miaka miwili yafaa kila mara aulizwe, kwa maandishi, mbele ya msikiti mzima, atafanya nini juu ya pasi ya shemeji. Na akirudi aulizwe amefanya nini.

Mzee mmoja wa darasa, aliyekuwa kimya usiku ule wote, alipokuwa akivaa viatu aliuliza, "Na ile siku ya mapumziko ya 2008, mimi nilichinja mbuzi. Nimlaumu nani?" Watu walicheka, naye hakucheka.

Juu ya suala la pili lililozuka, yaani kama yafaa Mwislamu akubali cheo katika serikali isiyokuwa ya Kiislamu, na khoja ya wale washikao kisa cha Nabii Yusuf (a.s.), nafasi imekwisha. Tutalieleza katika toleo lijalo inshallah.